Jina Ambalo Bibi Hakuruhusiwa Kulitamka

Juzi nilikuwa nimesimama kando ya barabara pale Kahama nikisubiri bodaboda, likapita lori limesheheni magogo ya mkaratusi yaliyotoka kubanduliwa maganda. Ile harufu yake kali, nusu utomvu nusu dawa ya kifua, ikanijaa puani, na mimi mwanamke mzima mwenye watoto wanne nikajikuta nafuta machozi mbele za watu. Kijana wa bodaboda akaniuliza kama vumbi limeniingia machoni. Nikamwambia ndiyo, twende zetu. Sasa ningeanza kumweleza nini, na yeye anawahi abiria mwingine?

Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya baba yangu. Alikuwa fundi wa matimba katika machimbo madogo ya dhahabu upande wa Bugarama, yaani yule anayekata magogo na kuyapanga ndani ya shimo ili kuta zisiwafukie watu. Shimo lenyewe wachimbaji huliita duara. Baba alikuwa akibandua maganda kwa panga nyuma ya nyumba yetu, akipiga mluzi, na mimi nikiyakusanya kwa ajili ya kuwashia moto. Mikono yake ilinukia mkaratusi, shuka lake lilinukia mkaratusi, na akinimegea ugali wake hata ugali ulinukia mkaratusi. Mama alilalamika kila siku, lakini baba akichelewa kurudi nilimwona akilinusa lile koti lake la kazi lililotundikwa mlangoni.

Kule machimboni hakuna aliyemwita baba kwa jina lake. Aliitwa Mrundi. Mchimbaji mgeni akiletwa kwenye duara jipya, neno lake la kwanza lilikuwa, "Matimba kapiga nani?" Akijibiwa, "Mrundi," basi alivua shati akashuka bila kuuliza la pili. Akijibiwa jina jingine, alikuna kichwa kwanza. Nililishuhudia hilo mara nyingi, kwa maana nilikuwa nikimpelekea baba uji, na kwa akili zangu za miaka minane nikafikia uamuzi kwamba Mrundi ni cheo. Kuna mwalimu, kuna daktari, kuna padri, na kuna Mrundi, mtu aliyesomea kuzuia ardhi isianguke. Mwalimu wetu wa darasa la pili alipotuuliza tunataka kuwa nani tukikua, wenzangu walisema nesi na rubani. Mimi nilisimama nikasema, "Mrundi." Mwalimu alicheka mpaka chaki ikamponyoka, kisha akasema vizuri sana, kaa chini. Nilikaa nimevimba kifua.

Jina lenyewe lilitoka kwa Bibi Minza, mama yake mama, aliyekuwa akiishi Mhunze, huko Kishapu. Babu yangu mzaa baba, Mzee Bigirimana, alikuja kwa miguu kutoka Burundi akiwa kijana kutafuta vibarua vya kulima pamba, akafika Kishapu akabaki. Baba alizaliwa hapo hapo, akachunga ng'ombe na wajomba zangu, akajua Kisukuma kuliko baadhi yao. Bibi alimjua tangu akiwa mtoto asiye na suruali, na alimwita kwa jina lake kama alivyowaita watoto wote wa jirani. Kisha yule mtoto akakua, akaja na barua ya kumposa binti yake. Tangu siku ile sheria ya ukwe ikamfunga Bibi mdomo. Kwa Wasukuma wa kizazi chake, mama mkwe na mkwewe wa kiume waliheshimiana kwa kukwepana. Hawakutazamana usoni, hawakula pamoja, na jina la mkwe halikupita kinywani mwa mama mkwe hata akiona nyoka anamtambalia mguuni.

Lakini binadamu lazima aitwe kwa kitu fulani. Siku mahari ilipopelekwa, Bibi alisimama nyuma ya mlango akatoa ujumbe, "Mwambieni yule Mrundi ng'ombe zake nimezipenda." Watu wakacheka, baba mwenyewe akacheka, na jina likabaki. Nilipozaliwa mimi angeweza kumwita Baba Kabula kama walivyofanya wengine, ila lile la kwanza alikwisha lizoea. Mama akalichukua kwa utani, wachimbaji wakalichukua kwa mama. Miaka yote hiyo lilikuwa jina la heshima, tena heshima ya juu kabisa, ile ya mtu ambaye huwezi kulitamka jina lake.

Wenzangu wa rika langu mliokuwa na bibi wa aina ile mtanielewa nikisema ziara zake zilikuwa sarakasi. Alikuja mara moja kwa mwaka baada ya mavuno, na baba alihamia nyuma ya nyumba. Wakikutana njiani, Bibi alijifunika kanga usoni na baba aliingia shambani kwa mtu kana kwamba kaitwa. Mimi ndiye niliyekuwa simu yao. Bibi akikaa ukumbini na baba akiwa nje ya dirisha, hatua tatu tu, Bibi aliniambia kwa sauti ya kutosha kijiji kizima, "Kabula, mwambie huyo Mrundi bati hili linavuja." Nilikimbia nikazunguka nyumba. "Baba, Bibi anasema bati linavuja." Baba, ambaye alikwisha sikia, aliniambia kwa sauti ile ile, "Mwambie mama nitalitazama kesho." Nilizunguka tena. Nikifika Bibi alikuwa tayari anaitikia kwa kichwa. Nilichoka miguu, lakini sijui kama nimewahi kupewa kazi nyingine niliyoipenda namna ile.

Halafu ikaja vita. Haikuja kwetu, ilikuwa ng'ambo ya mpaka, mbali, na mimi niliijua kwa sauti ya redio tu. Watu wazima walikaa kimya taarifa ya habari ilipoanza, na baba alikaa kimya kuliko wote. Kisha tukaanza kuona malori yamebeba watu na magodoro, wanawake wenye watoto mgongoni wasiotazama kulia wala kushoto. Mama aliwapelekea maji. Baada ya hapo zikaja habari za majambazi wenye bunduki kwenye barabara za msituni, wanaosimamisha magari ya wanunuzi wa dhahabu. Kila aliyeponea aliulizwa majambazi walikuwa watu gani, na kila mmoja, hata yule aliyelazwa kifudifudi asione kitu, alijibu neno moja tu. Ni neno lile lile la baba yangu.

Sikuelewa kilichotokea. Nilichoona ni kwamba watu walianza kulitamka tofauti. Muuza duka aliyezoea kupaza sauti, "Mrundi, karibu chumvi!" sasa alilisema taratibu baada ya baba kugeuka, akimwambia mteja wa nyuma yake. Wanawake kisimani walilitaja kisha wakanitazama. Nyumbani mama alilipiga marufuku ghafla siku moja, bila maelezo. Niliposema, "Baba Mrundi kaja," alinipiga kofi la mdomo, la kwanza na la mwisho maishani mwake, halafu akaniketisha mapajani akalia yeye. Nikahitimisha kwamba baba amevuliwa cheo. Nilidhani amepiga matimba vibaya mahali fulani na watu wamekufa, na kwa siku nyingi nilikuwa nikimtazama mikono akila, nikimwonea huruma.

Aliyeniumiza zaidi alikuwa Baba Masele. Huyu ndiye aliyekuwa mwenye duara kubwa na rafiki wa baba wa chanda na pete. Alikula kwetu mara nyingi kuliko kwake, na mwanawe Masele tulikaa dawati moja. Basi majambazi wakamwua mdogo wake barabarani, kijana mcheshi aliyekuwa ameoa mwezi mmoja tu kabla. Baba alikwenda msibani na gogo la kuni begani, kama ilivyo desturi. Baba Masele alilitazama lile gogo likitua, akasema mbele za waombolezaji, "Kuni za Mrundi sizitaki." Baba alilibeba akarudi nalo nyumbani, akaliweka nyuma ya nyumba, na siku ile hakupiga mluzi. Kesho yake Masele alihamia dawati la mbele na kutangaza kwamba hakai na mtoto wa Mrundi. Kwa mara ya kwanza nikasikia kwamba lile neno linaweza kurushwa.

Sasa nifike kwenye kosa langu, ambalo nililibeba kifuani kwa muda mrefu. Kijijini kwetu sungusungu, lile jeshi letu la jadi la ulinzi, walikuwa na katibu mpya, mtu aliyetoka mbali na asiyetujua. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba na daftari kuandika wageni. Kwetu alinikuta peke yangu nikichambua dagaa. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akauliza kwa upole kabisa, "Baba yako ni nani, binti?" Moyo wangu ukaruka. Nikaona hapa ndipo pa kumrudishia baba cheo chake. Nilisimama, nikanyoosha mikono kama tunavyosimama gwaride, nikasema, "Baba yangu ni Mrundi. Tena ndiye Mrundi mkubwa kuliko wote hapa machimboni!" Yule katibu aliinua kichwa akanitazama, akaniomba nirudie. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Akaandika.

Siku tatu baadaye ikaja taarifa. Mkutano wa sungusungu ungekaa Alhamisi alasiri kwenye uwanja wa ghala la pamba, na baba alitakiwa kufika. Mama aliambiwa na mke wa mtu aliyejua mambo kwamba uamuzi ni kama umekwisha pita: baba atapewa siku saba aondoke, na asipoondoka atatengwa. Wa kwetu mnajua maana ya kutengwa na sungusungu. Hakuna wa kukusalimu, hakuna wa kukupa kaa la moto, hakuna wa kukuzikia mtoto. Mama yeye angeruhusiwa kubaki, maana ni Msukuma, au arudi kwao Kishapu na mimi. Yaani walikuwa wakitugawa, baba upande huu, sisi upande ule. Nilimsikia baba akisema, "Mimi nikapange wapi matimba, Mama Kabula? Burundi sikujui, hata njia. Sijawahi kufika." Mama akazima kibatari. Alfajiri yake alifunga kanga mbili kiunoni akapanda basi kwenda Mhunze.

Alirudi Jumatano jioni pamoja na Bibi Minza. Nilipomwona Bibi na kifurushi chake nilijua amekuja kutuchukua. Nilikataa kumpokea mzigo, nikajificha nyuma ya magogo, na alipokuja kunitafuta nilimwambia siendi Kishapu hata wanifunge kamba. Alicheka kicheko chake kifupi cha puani. "Nani kakwambia unakwenda, ng'wana wane, mwanangu? Njoo unioshe miguu, nina vumbi la Shinyanga nzima." Usiku ule hakutuma ujumbe wowote dirishani. Baba alikuwa nje, Bibi ndani, na mimi nilikaa katikati nikingoja kutumwa, sikutumwa.

Uwanja ulijaa Alhamisi ile. Sungusungu walikaa mbele na pinde zao, ntemi wao Mzee Masunga akiwa kwenye kigoda, mtu mkavu asiyependa maneno mengi. Wachimbaji walikaa kushoto bado wana udongo mwilini. Baba alichuchumaa katikati peke yake, kofia mkononi. Wanawake na watoto tulisimama ukingoni. Katibu alisimama akafungua daftari, akasema kwamba mtuhumiwa anajulikana kwa jina la Mrundi, na kwamba Warundi ndio wanaoua watu barabarani. Kisha akageuza ukurasa. "Na mtoto wake mwenyewe amekiri mbele yangu kwamba baba yake ni Mrundi mkubwa kuliko wote. Yaani kiongozi."

Watu walinguruma. Nilitaka kupiga kelele kwamba sicho nilichomaanisha, kwamba mkubwa maana yake hodari, lakini Bibi akanibana mkono. Baba aligeuka akanitafuta ukingoni, akaniona, akanitikisia kichwa polepole, akimaanisha usiogope. Mpaka leo nikikumbuka kile kichwa kinavyotikisika najiuliza mtu anapata wapi moyo wa namna ile.

Mzee Masunga akauliza kama kuna mwenye neno. Ndipo mkono wa Bibi ukauachia mkono wangu.

"Ninalo mimi," akasema, akaanza kukata uwanja.

"Mwadila, mayu," Mzee Masunga akamsalimia kwa Kisukuma, kwa adabu lakini kwa mashaka. "Wewe ni mgeni. U nani katika shauri hili?"

"Mwadila. Mimi ni mama mkwe wake."

Ingekuwa leo watu wangetoa simu wapige picha. Mama mkwe katika uwanja mmoja na mkwewe, tena anamsogelea! Wanaume wa makamo waliinamisha macho kwa aibu. Baba naye, maskini, alifanya alichokizoea: alianza kuinuka ampishe, akatazama kulia na kushoto kutafuta shamba la kuingilia, na hapakuwa na shamba. Bibi alifika mbele yake. Akaishusha kanga kutoka kichwani ikabaki mabegani, mvi zote nje. Akamtazama usoni.

"Zakaria," akasema. "Zakaria mwana wa Bigirimana. Simama."

"Mayu wane!" mwanamke mmoja akapiga yowe nyuma yangu, na wengine wakashika vinywa. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kusikia jina la baba likitoka mdomoni mwa Bibi, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa baba pia tangu avae suruali ya kuposea. Alisimama. Kofia ikamdondoka, naye ni mtu aliyeshuka mashimo ya futi mia moja akila muwa.

Bibi akageukia watu. Kiswahili chake kilikuwa cha kukata mawe, chenye Kisukuma ndani, lakini hakuna aliyekosa kumwelewa. "Hilo jina mnalomhukumia, nililitoa mimi. Mkitaka Mrundi wenu, nifungeni mimi. Nilimwita hivyo kwa sababu ukwe ulinifunga mdomo, nikakosa pa kushika. Baba yake alitoka Burundi, ndiyo, simfichi, alitoka kwa miguu yake akaja kutulimia pamba, na mlivaa hiyo pamba. Nyie mkalichukua jina langu mkalileta huku machimboni. Mlilitumia vizuri, nilisikia, nikafurahi. Mlikuwa mnalala chini ya magogo yake mnasema Mrundi yupo, hatufi. Sasa watu wengine huko wamepigana vita yao, wamekufa, na sisi tumewalilia. Damu yao mmekuja kuipangusia kwenye jina la mkwe wangu?"

Akajipiga kifuani.

"Basi nalichukua. Ni langu, nimelitoa, nimelirudisha. Kuanzia sasa hivi hamnalo. Huyu hapa ni Zakaria. Mwenye shitaka na Zakaria alitaje. Si Warundi wa barabarani, sijawaona mimi. Zakaria! Zakaria kamuibia nani? Zakaria kampiga nani? Semeni, nimetoka mbali, nisikie."

Katibu alifungua daftari lake akalitazama, akageuza kurasa mbili, akalifunga. Mzee Masunga alingoja. Macho ya watu yakaanza kumwelekea Baba Masele, maana wote walijua yeye ndiye aliyelipeleka shauri. Alisimama taratibu. Alikuwa amekonda tangu msiba ule, mashati yake yote yalimpwaya. Akamtazama baba.

"Zakaria," akaanza. "Zakaria..." Nikaona mdomo wake unafanya kazi bila kutoa kitu. Miezi yote ile alikuwa na la kusema juu ya Mrundi, maneno yalimtoka kama maji. Sasa alipewa jina la mtu aliyekula naye sahani moja, na lile jina halikukubali kubeba yale maneno. Akafunika uso kwa viganja viwili vyenye udongo. "Duara lilipobomoka mimi nikiwa ndani, watu wote walikimbia. Zakaria ndiye aliyerudi. Alinichimba kwa mikono, kucha zake zikatoka. Mimi nina shitaka gani na Zakaria? Nimempoteza mdogo wangu tu, jamani. Nimempoteza mdogo wangu."

Baba alivuka ile nafasi iliyokuwa kati yao. Walishikana kama watu wanaopigana mieleka, na wote wawili wakalia kwa sauti, wanaume wale, hadharani. Wachimbaji wakanyanyuka wote kwa pamoja. Mmoja akaita, "Zakaria!" mwingine akaitikia, na sauti ikaenea upande ule wote, miguu ikaanza kupiga chini, vigelegele vya wanawake vikapanda juu yake. Mzee Masunga alilazimika kupuliza pembe yake mara tatu ndipo aweze kutoa hukumu, nayo ilikuwa fupi. Zakaria ni mtu wa hapa. Atakayemwita kwa lile jina lingine, au kumwita hivyo mtoto wake, atakesha lindo zamu tatu mfululizo peke yake. Sijawahi kusikia kelele za furaha kama zile, na nimehudhuria harusi nyingi.

Njiani nilimkamata baba koti nikamkiria kila kitu, dagaa, gwaride, daftari. Nilikuwa nikilia kamasi. Alisimama akanisikiliza hadi mwisho. "Ulimwambia mkubwa kuliko wote?" akauliza. Nikasema ndiyo. Baba yangu alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi, na Baba Masele aliyekuwa akitufuata nyuma, macho bado mekundu, akacheka naye. "Mtoto hajasema uongo," Baba Masele akasema, akanibeba begani hadi nyumbani. Masele mwanawe alitembea kando yetu akitazama vidole vyake, na Jumatatu yake nilimkuta dawatini kwangu, kanifutia vumbi.

Nimekuwa mtu mzima nimeona majina mengine yakiharibika vivyo hivyo. Nimeona neno ambalo wazee walitaniana nalo kilabuni linarudi kinywani mwa vijana likiwa na makali, baada ya vita fulani, baada ya mapigano ya malisho, baada ya uchaguzi hata. Nikilisikia nyumbani kwangu nakuwa mkali, watoto wangu wanajua. Naudhika nikiambiwa ni jina tu. Nawaambia walitaje jina la mtu mwenyewe, kisha waseme wanachotaka kusema, na mara nyingi hubaki wamefungua mdomo.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ya mkutano wenyewe ni asubuhi iliyofuata. Wazee walikuwa wamesema ukwe umevunjwa hadharani na lazima mbuzi achinjwe, na Bibi akasema achinjwe, tena mnono, sheria iliyokwisha vunjwa hairudishwi na yeye hana haja nayo kwa mkwe huyu. Jua lilikuwa halijapanda vizuri. Bibi alitoka nje akajishika kiuno, akavuta pumzi, akaita kwa sauti ya kumwita mtu aliye kilima cha pili.

"Zakariaaa!"

Baba alitoka mbio, panga mkononi, povu la sabuni shavuni. "Naam, mama! Kuna nini?"

Bibi alimtazama juu hadi chini. Miaka kumi na moja alikuwa hajafanya vile.

"Hakuna kitu," akasema. "Naita tu."

Baba akarudi kunyoa. Kabla hajafika mlangoni akaitwa tena. Akageuka, akaitika. Kutwa nzima ile Bibi aliita, kwa maji, kwa kigoda, kwa kuku aliyepita, kwa sababu hakuna, na majirani walisimama milangoni kwao wakisikiliza, na kila mara, bila kuchoka hata mara moja, baba yangu aliitika.